Siku Nne za Raskazone na Vitabu Vilivyozaliwa Nazo

Apendaye kusoma vitabu vya vita, navyo viwe vita hasa, vyenye kiu na matope na khofu ya mtu aliyelala kifudifudi huku risasi zikimpita utosini, wala si habari za gwaride na nishani, aghalabu hutupa macho yake mbali, akapekua maduka ya vitabu vikuukuu kutafuta visa vya makomandoo wa Uingereza na wanamaji wa Marekani. Ilhali, ikiwa ni mtu wa Tanga, akitoka mjini na kuifuata njia ya baharini kuelekea mashariki hadi Raskazone, amekwisha kukanyaga uwanja wa vita ambao majemadari, matabibu, majasusi, wanahistoria na watunzi wa riwaya wameuandikia kwa muda wa zaidi ya miaka mia. Sidhani kama kipo kitongoji kingine katika Mrima wetu kilichotumiwa wino mwingi kiasi hicho kwa ajili ya siku nne tu. Na katika vitabu hivyo vyote, kilichoandikwa na askari mweusi au mpagazi aliyekuwapo sijapata kukiona hata kimoja.

Siku zenyewe zilianza tarehe 2 Novemba 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilipotia nanga mbele ya mji, na nahodha wake, Caulfeild, akampasha habari mkuu wa wilaya wa Kidachi, yaani Mjerumani, Bwana Auracher, ya kwamba mapatano ya kutoipiga bandari yamekwisha, na papo hapo akamuuliza kama maji ya bandari yametegwa mabomu. Swali ambalo adui mwenye akili timamu hawezi kulijibu ila kwa namna ya kumwongezea mwulizaji wasiwasi. Auracher aliomba ruhusa ya kwenda kushauriana, akaondoka, akavaa sare yake ya kijeshi, na simu zikaenda Moshi. Waingereza, wakiwa na watu wapatao 8,000 waliochukuliwa Bombay, wengi wao Wahindi waliokuwa wamekaa melini karibu mwezi mzima wakitapika, hawakuthubutu kuingia bandarini kwa khofu ya mabomu yasiyokuwapo, bali usiku ule walishusha vikosi vya kwanza katika ufuo wa Raskazone, chini ya miamba, mahali ambapo mtu hupanda juu kwa taabu hata akiwa hana mzigo.

Asubuhi ya tarehe 3 vikosi hivyo vya mbele vikauendea mji na kurudishwa nyuma kwa hasara, na mchana kutwa na usiku kucha gari la moshi la Usambara likawa linaleta kompania za askari wa Kanali Paul von Lettow-Vorbeck kutoka bara. Yeye mwenyewe alifika usiku, akachukua baiskeli, akazunguka mji uliokuwa mtupu, akaenda hata upande wa Raskazone kuzitazama marikebu za adui zilizowaka taa kama mji wa pili juu ya bahari. Ninakiri kwamba katika vitabu vya vita nilivyovisoma, vya huku na vya ng'ambo, ni nadra kukutana na jemadari aendaye kupeleleza adui wake kwa baiskeli. Na katika ukurasa huo peke yake msomaji hupata kuelewa kwa nini mtu aliyekuwa na watu wapatao 1,000 alimshinda mwenye 8,000.

Tarehe 4 mchana ndiyo iliyokuwa siku ya hukumu. Meja Jenerali Arthur Aitken, ambaye alikuwa amepuuza ushauri wa maofisa waliokuwa wakiijua nchi na watu wake, aliupanga mstari mrefu wa askari na kuusukuma ndani ya mashamba ya mipira na mikonge katika jua la adhuhuri, wakati askari wake wengine hawakuwa wamepata maji tangu alfajiri. Walakini si kweli kwamba wote walikimbia, kama wasemavyo wasimulizi wa haraka: Waingereza wa Lancashire na askari wa Kashmir waliingia mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba hata forodhani, bali ubavu wao wa kushoto ulivunjika chini ya bombomu, yaani bunduki za rashasha, za Wadachi, na Lettow-Vorbeck akatumia akiba yake kuuzunguka. Hapo ndipo nyuki, waliokuwa katika mizinga iliyotundikwa mitini, walipochafuka kwa kishindo cha risasi wakawashukia watu. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha ufuoni bombomu, mamia ya bunduki na risasi zaidi ya laki tano, ambazo Wadachi walizitumia dhidi yao kwa muda mrefu baadaye. Waingereza waliokufa, kujeruhiwa na kupotea walipita 800. Wadachi na askari wao waliouawa walikuwa kadiri ya 70.

Miongoni mwa waliouawa upande wa Wadachi alikuwamo Kapteni Tom von Prince, yule ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani, na ambaye jina lake hilo lingalipo huko milimani Usambara alikokuwa na shamba lake. Huyu naye alikuwa mwandishi: kitabu chake cha vita vyake dhidi ya Waarabu na Wahehe kilitoka mwaka huo huo wa 1914. Ni kitabu cha mshindi asiye na shaka, na mimi husema kuwa kisomwe kwa tahadhari. Lakini aliyewahi kusikia habari za kuanguka kwa Kalenga kwa upande wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, tu, hupata humo upande wa pili kutoka kinywani mwa aliyeizingira ngome.

Habari za nyuki ndizo zilizotia kipimo mkononi mwangu. Upande wa Waingereza, nyuki wakawa udhuru, ikazuka hata hadithi kwamba Wadachi waliwatega makusudi. Na bado wako wanaoyapenda masimulizi hayo kuliko kweli. Ukifungua kumbukumbu za Lettow-Vorbeck, zilizochapishwa mwaka 1920, utakuta kwamba nyuki hao hao waliwashambulia pia watu wake wa bombomu katika saa iliyokuwa ya shida kabisa. Nyuki hawakuwa na upande. Na kitabu kinachowapa upande, hicho nakiweka chini. Kwa kipimo hicho hicho napata shida na Richard Meinertzhagen, ofisa wa ujasusi aliyekuwapo Tanga, ambaye shajara yake ilitoka mwaka 1960 nayo ni tamu kupita vitabu vyote vya vita hivi, imejaa damu, dharau na mizaha. Lakini mwaka 2007 Brian Garfield alitoa kitabu kizima kuonyesha kwamba mengi aliyojinasibisha nayo bwana huyu yalikuwa ya kubuni. Utamu wa kitabu si ushahidi wake. Aitken, ambaye Meinertzhagen anamchora kama mpumbavu mtupu, alishushwa cheo hadi ukanali. Na historia rasmi ya Waingereza juu ya vita hivi ilichelewa kutoka hadi mwaka 1941.

Kwa wale watafutao habari za vikosi vidogo vya siri, wasidhani kwamba mambo hayo yalibuniwa katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1915 Wadachi walituma kutoka upande wa Kilimanjaro doria za watu wachache, Wazungu na askari, waliobeba baruti wakapita nyika kavu isiyo na maji hata wakaifikia reli ya Uganda, wakailipua, wakarudi. Na Lettow-Vorbeck anaeleza bila haya jinsi wengine walivyofikia hali ya kunywa mkojo wao wenyewe kwa kiu. Kwa upande wa pili yuko Pretorius, mwindaji wa Kikaburu aliyeitafuta manowari Königsberg katika delta ya Rufiji akaionyesha kwa Waingereza; kitabu chake, “Jungle Man”, kilitoka mwaka 1947, nacho ni cha mtu anayejua nyayo za wanyama kuliko nyayo za sarufi, jambo ambalo kwa kitabu cha namna hiyo si kasoro.

Upo pia upole katika vitabu hivi. Francis Brett Young, tabibu wa jeshi la Waingereza, aliandika “Marching on Tanga”, kikatoka 1917, habari za safari ya jeshi la jemadari wao Smuts kuteremka Mto Pangani mwaka 1916. Na msomaji wa Tanga atakayekinunua kwa ajili ya jina lake atasikitika, maana mwandishi haingii Tanga kamwe. Nakipenda hata hivyo, kwa kuwa ni kitabu cha homa, vumbi na machela. William Boyd naye, katika riwaya yake “An Ice-Cream War” ya 1982, aliileta Raskazone kwa wasomaji ambao hawakuwa wamepata kuisikia.

Sasa nakuja nyumbani, na hapa sina budi kukaa. Waswahili hawakungoja Wazungu wawafundishe kuandika vita: tangu 1728 Bwana Mwengo wa Pate alikuwa ameisimulia vita ya Tambuka katika utendi. Huku kwetu Tanga, Hemedi bin Abdallah el Buhriy, mwanachuoni aliyeziishi siku zile, alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliotiwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen katika miaka ya 1950, ukatoka tena mwaka 1960. Humo yumo Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Yumo Bwana Heri wa Saadani. Na yumo Wissmann, jemadari wa Wadachi, na askari wake wa kukodiwa kutoka Misri na Msumbiji. Jambo linalonishangaza kila nirudiapo utenzi huo ni utulivu wa mtunzi: nchi yake inachukuliwa mbele ya macho yake, naye hapotezi vina wala mizani, wala hamtukani adui hadi akapungua kuwa kikaragosi. Kule kusini Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alifanya hivyo hivyo kwa Maji Maji, utenzi wake ukachapishwa 1957. Na Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui, si mbali na mji wetu, mtumishi wa serikali asiyebeba bunduki, aliitungia Vita Kuu ya Pili utenzi wa beti zipatazo 3,000, Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliotoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya yeye kufariki.

Nathari yetu ya vita ni changa zaidi. Baldwin Mzirai alitoa “Kuzama kwa Idi Amin” mwaka 1980, vita vya Kagera vikiwa bado havijapoa. Na wale wapendao mbio na hila wana Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba tangu “Kufa na Kupona” ya 1974, vitabu ambavyo walimu wa fasihi huvidharau na wanafunzi wao huvimaliza usiku mmoja. Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja, katika “Afterlives” ya 2020, amemweka askari wa Wadachi katikati ya riwaya, naye si pambo la nyuma ya afisa.

Kwa maana deni kubwa liko hapo. Wapagazi waliokufa kwa maradhi, njaa na mizigo katika jeshi la Waingereza peke yake wanahesabiwa kukaribia laki moja, na jina la Kariakoo limebaki kwa ajili yao; lakini kumbukumbu zao hazikuandikwa. Charles Miller, katika “Battle for the Bundu” ya 1974, anasimulia kwamba mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari weusi waliompigania mishahara yao ya zamani, na wazee wapatao 350 wakakusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare. Ili kuwatambua, mlipaji akampa kila mmoja ufagio kwa zamu, akatoa amri za bunduki kwa Kidachi, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Laiti pangekuwapo na mtu wa kalamu mahali pale, awaulize Raskazone ilikuwaje.

Kijana anayetaka kuanza, basi, namshauri aanze na Hemedi, apate kujua nchi ilichukuliwa vipi, kisha Lettow-Vorbeck, na akisoma ateremke mwenyewe hadi ufuoni kupima kimo cha miamba, kisha Gurnah. Miller atamfaa baadaye kwa kuunganisha. Meinertzhagen amwache mwisho, wakati atakapokuwa anajua kucheka naye bila kumsadiki.