Misingi ya Msalaba Mwekundu (Mwanza)

Kanuni saba zilizopitishwa mjini Vienna mwaka 1965 ndizo dira ya Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, kilichoasisiwa kwa sheria ya mwaka 1962, na ya watu wake wa kujitolea waliopo Mwanza, kando ya ziwa lenye neema nyingi na misiba isiyobisha hodi. Utu ndio asili ya zote; kutopendelea, kutofungamana na upande, uhuru, umoja na ulimwengu ni matawi yake; ama kujitolea, yaani kutumika pasipo kutaraji ujira, ndiko hasa kunakozitia nyingine uhai, kwa maana kanuni isiyo na watu wa kuitenda hubaki karatasini.

Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, na roho zaidi ya 220 zikapotea, wavuvi waliwahi kuokoa kwa mitumbwi yao, nao hawakuwa na sare wala kiapo. Msalaba Mwekundu nao ukafika, kutoa huduma ya kwanza na kuwaliwaza wafiwa waliolazimika kuzikagua maiti kutafuta jamaa zao. Hapo kutopendelea hudhihirika waziwazi, kwani maiti haiulizwi dini wala kabila.

Si insafu, hata hivyo, kumtwika mwenye kujitolea dhamana ya serikali: kivuko kile kiliruhusiwa kubeba abiria 101, na kuilinda hesabu hiyo kulikuwa wajibu wa wenye mamlaka.