Kwa Mamlaka ya Nani? Mzozo wa Kikuyu wa 1913 na Makanisa ya Magharibi mwa Nairobi

Injili ya Marko inasimulia kwamba wakuu wa hekalu la Yerusalemu walimwuliza Yesu anatenda mambo yake kwa mamlaka gani, na ni nani aliyempa. Hakuwajibu. Aliwarudishia swali juu ya ubatizo wa Yohana, nao wakasema hawajui. Mafundisho ya Kikristo husimama juu ya jibu linalopatikana mwishoni mwa Injili ya Mathayo, ambapo Yesu aliyefufuka anasema kwamba uwezo wote umewekwa mikononi mwake, kisha papo hapo anawatuma wanafunzi wakafundishe na kubatiza. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo haijawagombanisha sana Wakristo wa Afrika Mashariki. Iliyowagombanisha ni ya pili: nani hasa ametumwa, na anatambulikana kwa alama gani?

Kiswahili chenyewe kimeacha alama katika habari hii. Agano Jipya la Kigiriki hutumia neno moja, exousia. Tafsiri ya Muungano, ambayo Biblia yake kamili ilitoka 1952, hulitafsiri pengine kwa amri, pengine kwa mamlaka. Yesu anayefundisha katika sinagogi na kusamehe dhambi ana amri. Yesu anayewatuma wanafunzi amepewa mamlaka. Neno hili la pili lina asili ya Kiarabu, na kwa Waarabu ni ufalme. Kwa Mkenya wa leo hukumbusha kwanza ofisi ya ushuru au ya bandari. Tofauti hiyo, iwe ilikusudiwa na watafsiri au haikukusudiwa, ina maana yake. Amri hukaa kinywani mwa mwenyewe. Mamlaka hukabidhiwa, na kitu kinachokabidhiwa hakikosi wagombea.

Ramani ya ugombeaji huo inaanzia karibu na Adams Arcade. Maduka hayo ya Barabara ya Ngong, yenye jina la mfanyabiashara Abdul Habib Adam, ni ya miaka ya 1950, kwa hiyo ni machanga kuliko kisa chenyewe. Lakini anayetoka hapo kwenda magharibi hupita Dagoretti Corner, kisha Riruta na Waithaka, na kabla ya kumaliza kilomita 20 hufika Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu. Katika kipande hicho cha nchi swali la wakuu wa hekalu limeulizwa upya zaidi ya mara moja, na waliouliza hawakuwa watu wa aina moja.

Thogoto ni jina walilolitoa Wakikuyu katika matamshi yao ya neno Scot. Misheni ya Kiskoti ilianzishwa Kibwezi 1891, ikahamia Kikuyu 1898. Waskoti walikuwa Wapresbiteri: kanisa lao huongozwa na wazee na mabaraza, wala halina askofu. Waanglikana wa misheni ya CMS walikuwa na maaskofu, mmoja Mombasa na mwingine Uganda. Misheni ya Bara la Afrika (AIM) ilikuwa na makao yake Kijabe, nao Wamethodisti walitokea pwani. Kila misheni ilikuwa na eneo lake, na mambo yangeweza kukaa hivyo lau watu wangekaa mahali pamoja. Reli haikuwaacha wakae. Kijana aliyebatizwa Maseno alikwenda kufanya kazi Nairobi, na huko akakuta kwamba Ukristo wake una majina manne na kwamba Meza ya Bwana ya huku haimpokei wa kule. J. J. Willis, aliyefanya kazi Maseno kabla ya kuwa askofu wa Uganda 1912, aliliona tatizo hilo kwa karibu. Aliona pia kwamba Uislamu na Kanisa Katoliki havikuwa na mgawanyiko wa namna hiyo.

Mikutano ya matayarisho ilifanyika kwa miaka kadhaa, mmojawapo Nairobi 1909. Mkutano mkuu ulikaa Thogoto Juni 1913, Willis akiwa mwenyekiti. Ulikuwa mkutano wa wamishonari. Waafrika, ambao umoja wao ndio uliokuwa ukijadiliwa, hawakuwa miongoni mwa waamuzi, na kasoro hiyo ilikuja kuwa na uzito kuliko wote waliokuwapo walivyodhani.

Rasimu iliyokubaliwa ilipendekeza shirikisho la misheni nne: CMS, Waskoti, AIM na Wamethodisti wa Muungano. Msingi wake ulikuwa mfupi. Kila misheni ingekubali Maandiko Matakatifu kuwa kanuni kuu ya imani na maisha, pamoja na Imani ya Mitume na Imani ya Nikea kuwa tamko la jumla la yanayoaminiwa. Halafu yakatajwa mambo matatu mahususi: mamlaka kamili ya Maandiko kama Neno la Mungu, uungu wa Yesu Kristo, na kifo chake cha upatanisho kuwa sababu ya kusamehewa dhambi. Wahubiri wangealikana, na msafiri angepokewa Mezani kokote. Ibada ya jumla ingefuata utaratibu wa pamoja ili Mkristo asijione mgeni kwa wenzake.

Mambo yaliyotajwa yanajulisha mengi, na lililoachwa linajulisha zaidi. Yesu yumo katika hati hiyo kama Mungu na kama mkombozi, na sauti yake imewekwa ndani ya kitabu. Askofu hayumo. Kwa Mskoti hilo halikuwa pengo hata kidogo: Bwana hutawala kanisa lake kwa Neno, na mchungaji ni mtumishi wa Neno. Kwa Mwanglikana wa mrengo wa juu ilikuwa sawa na kuandika mkataba na kusahau sahihi.

Mkutano ulifungwa kwa Ushirika Mtakatifu. Askofu William George Peel wa Mombasa aliongoza ibada ndani ya kanisa la Waskoti kwa kufuata kitabu cha sala cha Kianglikana, na mahubiri yakatolewa na Norman Maclean, mchungaji Mskoti aliyekuwa ziarani. Wajumbe wa madhehebu mbalimbali walipokea mkate na divai kwa mkono wa askofu mmoja. Ibada hiyo ya jioni moja, katika kijiji ambacho wasomaji wengi wa magazeti ya London wasingeweza kukionyesha kwenye ramani, ilizua kelele Uingereza nzima.

Aliyeipiga mbiu alikuwa Frank Weston, askofu wa Zanzibar tangu 1908, wa Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA). Kanisa lake kuu la Mkunazini lilijengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Weston aliandika barua ya wazi mwaka huohuo wa 1913, akamtaka Askofu Mkuu Randall Davidson wa Canterbury awafikishe Willis na Peel mahakamani kwa kueneza uzushi na kuleta farakano. Ni rahisi kumchora kama mtu wa taratibu tupu, na wengi wamemchora hivyo. Picha hiyo haitoshi. Barua yake haikuanzia Kikuyu. Ilianzia kwa Foundations, kitabu cha wasomi wa Oxford kilichotolewa 1912 chini ya uhariri wa B. H. Streeter, ambamo wazo la kwamba Yesu alitazamia mwisho wa dunia uje upesi lilichukuliwa kwa uzito. Kama alikosea katika hilo, Weston aliuliza, neno lake lina nguvu gani katika mengine?

Naye hakuwa mgeni wa swali hilo. Mwaka 1907 alikuwa ametoa kitabu, The One Christ, kuhusu namna Mwana wa Mungu alivyojiwekea mipaka alipotwaa ubinadamu. Alikubali kwamba Yesu aliishi, akajua na kuomba kama mtu. Alichokataa ni kwamba kwa kufanya hivyo aliacha kuwa Mungu. Kwa mawazo hayo, mamlaka ya Yesu haikomi kwenye ukurasa wa kitabu. Inaendelea katika mwili wake, yaani kanisa, na kanisa linajulikana kwa maaskofu waliowekewa mikono kutoka mmoja hadi mwingine tangu mitume. Ulegevu wa wasomi wa Oxford na ulegevu wa maaskofu wa Kikuyu ulikuwa, machoni pake, ugonjwa mmoja. Waafrika wake, alidai, hawangeweza kufundishwa imani na kanisa lisilojua linaamini nini. Hoja hiyo ilikuwa na ukali uliopita kiasi, lakini ilikuwa hoja.

Davidson hakuwa mtu wa kuwasha moto. Hakuna kesi iliyosikilizwa. Alilipeleka suala kwa baraza la ushauri la maaskofu, lililokaa 1914 vita vikiwa mlangoni, na tamko lake likatoka Pasaka ya 1915. Wahubiri wa madhehebu mengine waliweza kualikwa. Wakristo wao waliokuwa mbali na makanisa yao waliweza kupokewa Mezani. Lakini Mwanglikana asiende kushiriki kwa mchungaji asiyewekwa na askofu, na ibada kama ile ya Thogoto isiwe desturi. Wenye mzaha walisema uamuzi huo ulimaanisha kwamba jambo lile lilimpendeza Mungu sana na lisirudiwe kamwe.

Mkutano wa pili wa Kikuyu ulifanyika Julai 1918, na safari hii Weston alikuja mwenyewe. Alipendekeza kanisa moja lenye maaskofu, akaahidi kwamba wasio na maaskofu wakikubali, yeye naye atasimama mbele ya makusanyiko yao kupokea namna yoyote ya kukubaliwa watakayoitaka. Ahadi hiyo haikutosha, ingawa wazo lake lilisikika tena katika mwito wa umoja uliotolewa na maaskofu wa Lambeth 1920. Kikuyu ilibaki na Muungano wa Misheni, ambao matunda yake yaliyo wazi zaidi hayakuwa ya ibada bali ya shule: Alliance High School, iliyofunguliwa 1926, imechukua jina lake kutoka hapo.

Kisha swali likatoka mikononi mwa wamishonari. Mwaka 1929 Dkt. John Arthur, mkuu wa misheni ya Thogoto, alitaka Wakristo wa Kikuyu watie kidole gumba kwenye ahadi ya kukataa tohara ya wanawake. Alama hiyo ya kidole, kirore, ikawa jina la waliokubali. Waliokataa walijiita karing'a, walio safi. Makanisa na madarasa yaliachwa na watu wengi. Tohara hiyo ilikuwa na madhara ya kweli, na Arthur kama daktari aliyajua. Lakini waliokataa walimpiga kwa silaha ya misheni yenyewe. Agano Jipya lilikuwa limetoka kwa Kikuyu 1926, wakauliza ni wapi humo Yesu alipoiharamisha. Walionyesha hata kwamba neno lililotumiwa kwa Bikira Maria, muiritu, kwa desturi humaanisha msichana aliyekwisha kutahiriwa. Hati ya 1913 iliyapa Maandiko mamlaka kamili bila kusema nani atayasoma kwa niaba ya nani. Sasa walikuwa wanayasoma wenyewe.

Walipojitenga walijenga shule zao, na katika miaka michache wakagundua upungufu: nani atabatiza, nani ataweka wachungaji? Waliyemtafuta hakuwa mhubiri, alikuwa askofu. Daniel William Alexander wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika alikuja kutoka Afrika Kusini 1935, akafundisha na kuweka wakfu mapadri wa kwanza, miongoni mwao Arthur Gatung'u Gathuna wa Waithaka. Hapo historia ilizunguka kwa namna ambayo Weston, aliyefariki 1924, angeistaajabia. Watu waliotoroka misheni ya Kipresbiteri walifika, kwa njia yao na kwa sababu zao, kwenye dai lake: neno la Yesu halitoshi bila mkono uliowekwa na mkono mwingine hadi kufikia mitume. Wao waliongeza kwamba mkono huo si lazima uwe wa Mzungu. Kundi la Gathuna lilitafuta ukoo mkongwe zaidi, likatambuliwa na Upatriaki wa Aleksandria 1946. Wakati wa Hali ya Hatari, yaani vita vya Mau Mau, serikali ilizifunga shule za karing'a, na Gathuna akatiwa kizuizini.

Hali ya Hatari ilidhihirisha jibu jingine, la watu wasiojali ukoo wa maaskofu. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ulifika Kabete kwa mkutano wa 1937. Ndugu wa Uamsho walibaki katika makanisa yao, Waanglikana kwa Wapresbiteri, ila walipokusanyika cheo kilibaki nje: askofu aliungama dhambi zake mbele ya mpishi. Umoja ambao rasimu ya 1913 haikuuleta waliupata bila rasimu. Kiapo cha Mau Mau kilipopita vijijini, wengi wao walikikataa wakisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu na hawawezi kunywa nyingine. Baadhi walikataa pia bunduki za walinzi wa serikali. Waliuawa au kuteswa kwa sababu hiyo, na ni vigumu kupata mahali pengine katika habari hii ambapo mamlaka ya Yesu ilidaiwa kwa gharama kama hiyo.

Juhudi za kuunganisha makanisa zilifufuliwa. Chuo cha theolojia cha Limuru kilikuwa cha Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti kwa pamoja kuanzia 1955, na katika miaka ya 1960 makanisa ya Afrika Mashariki yalijadili muungano kamili, yakashindwa kuafikiana, suala la maaskofu likiwa miongoni mwa vikwazo. Mwaka 1971 Askofu Mkuu Makarios III, aliyekuwa pia rais wa Kupro, aliweka jiwe la msingi la seminari ya Kiorthodoksi huko Riruta, si mbali na Dagoretti Corner. Seminari hiyo yenye jina lake huwafundisha mapadri wa Kiorthodoksi kutoka nchi nyingi za Afrika. Thogoto, mbele zaidi kwenye njia ileile ya magharibi, Wapresbiteri wangali wanaabudu bila askofu.