Pengo la Medicare: Historia ya Bima ya Nyongeza kwa Wastaafu wa Marekani

Bima ya nyongeza ya afya, yaani ile ambayo mstaafu wa Marekani huinunua kwa kampuni binafsi ili ilipe sehemu ya gharama za matibabu isiyolipwa na bima ya serikali, ina chimbuko lake katika mapungufu yaliyoandikwa waziwazi ndani ya sheria iliyoanzisha Medicare. Sheria hiyo, iliyotiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson tarehe 30 Julai 1965 mjini Independence, jimbo la Missouri, mbele ya rais mstaafu Harry Truman, iliwapa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi bima yenye sehemu mbili: Sehemu A iliyogharamia kulazwa hospitalini, na Sehemu B, ya hiari, iliyogharamia huduma za madaktari. Huduma zilipoanza tarehe 1 Julai 1966, mgonjwa aliyelazwa alitakiwa alipe dola 40 za mwanzo kutoka mfukoni mwake, na akikaa wodini zaidi ya siku 60 alipe dola 10 kwa kila siku hadi siku ya 90, ambapo msaada wa serikali ulikoma. Kwa upande wa Sehemu B, alilipa ada ya dola 3 kwa mwezi, kisha dola 50 za kwanza za matibabu kila mwaka, na baada ya hapo asilimia 20 ya kila gharama iliyokubaliwa. Asilimia hiyo haikuwekewa kikomo, na hata leo katika Medicare ya asili haina kikomo, jambo ambalo ndilo kiini cha biashara nzima inayosimuliwa hapa.

Muundo huo haukubuniwa kutoka hewani. Waliotunga sheria waliiga mikataba ya bima iliyokuwapo, hasa ile ya mashirika ya Blue Cross, ambayo asili yake ni mpango wa mwaka 1929 mjini Dallas, Texas, ambamo walimu walichangia senti 50 kwa mwezi ili wapate siku 21 za kulazwa katika hospitali ya Baylor. Walimu wanahusika na historia hii kwa njia nyingine pia. Ethel Percy Andrus, mwalimu mkuu mstaafu wa California aliyeanzisha chama cha walimu wastaafu mwaka 1947, alihangaika kwa miaka mingi akitafuta kampuni itakayokubali kuwakatia bima wazee, watu ambao kampuni nyingi ziliwaona kuwa hasara tupu, na alipoipata katikati ya miaka ya 1950 alipanua juhudi zake kwa kuunda chama cha wastaafu wote, AARP, mwaka 1958. Kwa hiyo Medicare ilipokuja, tayari palikuwa na soko, mawakala na orodha ndefu za wateja. Kampuni zilizokuwa zikiuza bima kamili kwa wazee zilibadilisha mikataba yao ili izibe yale mapengo, na bidhaa hiyo ikaja kujulikana kwa jina la Medigap.

Miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya vurugu. Kila kampuni iliandika mkataba wake kwa maneno yake: mmoja ulilipa gharama za siku ya 61 hadi ya 90 tu, mwingine ulilipa kiasi fulani cha fedha kwa siku bila kujali gharama halisi, na mwingine ulihusu saratani peke yake. Mzee aliyetaka kujua ipi ni nafuu hakuwa na njia ya kujua, kwa kuwa bei mbili haziwezi kulinganishwa iwapo vitu vinavyouzwa havifanani. Ni sawa na kuuliza bei ya mchele katika soko ambalo kila muuzaji ana pishi yake. Wapo mawakala walioitumia hali hiyo vibaya kwa kumuuzia mtu yuleyule mikataba kadhaa iliyorudiana, ilhali mingine ilikuwa na vifungu vya kukataa kulipa gharama iliyokwisha kulipwa na bima nyingine. Mwaka 1978 kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoshughulikia masuala ya wazee, chini ya Claude Pepper wa Florida, ilisikiliza ushahidi wa udanganyifu huo hadharani.

Jibu la kwanza la Bunge lilikuwa la upole mno. Marekebisho ya mwaka 1980, yanayojulikana kwa jina la Seneta Max Baucus wa Montana, yaliweka viwango vya chini, vikiwamo vya uwiano wa malipo, yaani sehemu ya ada zilizokusanywa ambayo hurudi kwa wateja kama malipo ya matibabu: angalau senti 60 katika kila dola kwa mikataba ya mtu mmoja mmoja, na senti 75 kwa mikataba ya vikundi. Hata hivyo, kwa ngazi ya taifa kampuni ziliombwa tu kujipatia ithibati kwa hiari, na usimamizi ukabaki mikononi mwa majimbo. Jaribio la pili lilikwenda upande mwingine kabisa: sheria ya mwaka 1988 ilikusudia kuyaziba mapengo ndani ya Medicare yenyewe, kwa kuweka kikomo cha gharama za mgonjwa na kuongeza dawa, lakini wazee wenyewe ndio waliotakiwa kuigharamia, wenye kipato kikubwa wakitozwa hadi dola 800 kwa mwaka. Wengi wao walikuwa tayari wana bima ya nyongeza kutoka kwa waajiri wao wa zamani, na hawakuona sababu ya kulipia mara ya pili. Mwezi Agosti 1989 wazee wenye hasira walilizingira gari la Dan Rostenkowski, mwenyekiti wa kamati ya kodi, katika mitaa ya Chicago, na kabla ya mwaka kwisha sheria ikafutwa.

Baada ya serikali kushindwa kulifuta soko, ililipanga upya, na hapa ndipo penye mageuzi ya kweli. Sheria ya mwaka 1990 iliamuru kwamba Medigap ziuzwe kwa mifumo isiyozidi 10, iliyopewa herufi A hadi J, na kwamba mkataba wa herufi moja utoe mafao yaleyale kila mahali, isipokuwa Massachusetts, Minnesota na Wisconsin, ambazo zilikuwa na taratibu zao. Mifumo hiyo iliandaliwa na umoja wa makamishna wa bima wa majimbo na kuanza kutumika mwaka 1992. Ikapigwa marufuku kumuuzia mtu mkataba wa pili juu ya ule alionao, na kila mzee akapewa miezi sita, kuanzia anapokuwa na miaka 65 na Sehemu B, ambamo kampuni haiwezi kumkataa wala kumpandishia bei kwa sababu ya maradhi.

Ajabu ni kwamba bidhaa zilipofanana, bei hazikufanana. Herufi ileile, katika mji uleule, iliendelea kuuzwa kwa bei zilizopishana sana, na sehemu ya sababu imo katika njia tatu za kupanga ada. Katika ya kwanza wateja wote hulipa sawa bila kujali umri; katika ya pili ada hufuata umri wa mtu siku aliponunua; katika ya tatu hupanda kadiri anavyozeeka, hivyo huonekana rahisi kuliko zote kwa mtu wa miaka 65 na kuwa mzigo anapofika 80, wakati ambapo kuhama kumekuwa kugumu. Mlinganisho unaoangalia ada ya mwaka wa kwanza tu, kwa hiyo, ni mlinganisho mbovu, ingawa ndio unaofanywa mara nyingi.

Orodha ya herufi imebadilika tangu hapo. Dawa, zilizokuwamo katika H, I na J, zilihamishiwa Sehemu D ya Medicare mwaka 2006. K na L zikaongezwa, kisha M na N mwaka 2010. Sheria ya mwaka 2015 ikawazuia wanaoingia Medicare kuanzia 2020 kununua C na F, kwa hoja kwamba mgonjwa asiyelipa hata senti ya kwanza huenda kwa daktari bila kufikiri. F ilitofautiana na G kwa jambo moja tu, kwamba ililipa pia kile kiasi cha mwanzo cha Sehemu B, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 257. Mtu ambaye ada yake ya F iliizidi ile ya G kwa zaidi ya kiasi hicho kwa mwaka alinunua dola moja kwa zaidi ya dola moja, na wengi walifanya hivyo kwa sababu tu hawakutaka kuletewa ankara nyumbani.

Wakati huohuo, kanuni ya uhasibu ya mwaka 1990 iliyozilazimisha kampuni kuonyesha vitabuni deni la matibabu ya wastaafu wao iliwafanya waajiri wengi kupunguza au kuacha bima walizowapa wastaafu hao, na Medicare Advantage, mipango ya kampuni binafsi inayochukua nafasi ya Medicare ya asili, mingi ikiwa bila ada ya ziada lakini yenye orodha maalumu ya madaktari, ikavuta zaidi ya nusu ya wanachama kufikia mwaka 2023. Anayeingia huko akiwa mzima, kisha akataka kurudi kwenye Medicare ya asili na Medigap baada ya kuugua, katika majimbo mengi anaweza kukataliwa bima hiyo ya nyongeza mara muda wa ulinzi unapopita; ni katika majimbo machache, yakiwamo Connecticut, Maine, Massachusetts na New York, ambako sheria za jimbo huzilazimisha kampuni kumpokea hata akiwa mgonjwa, iwe wakati wowote au kwa msimu maalumu wa kila mwaka.