Safari ya kumwona hirola Garissa: Mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga mizigo

WATALII wengi wa ndani na wa kigeni wanapopanga safari nchini Kenya, fikira zao huelekea Maasai Mara, Amboseli au fuo za Pwani. Ni wachache mno wanaoikumbuka Kaunti ya Garissa, ilhali huko ndiko kwenye maskani ya asili ya hirola, mmojawapo wa swala walio adimu kuliko wote duniani.

Hirola ana rangi ya hudhurungi isiyokolea, pembe zilizopinda kama kinubi na mstari mweupe unaounganisha macho yake mfano wa miwani. Mbele ya kila jicho ana tezi kubwa nyeusi, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu humwita swala mwenye macho manne. Wataalamu wanasema ndiye pekee aliyesalia katika jenasi ya Beatragus. Akitoweka, hakuna jamaa wa karibu atakayebaki kushika nafasi yake.

Katika miaka ya 1970 hirola walikadiriwa kuwa takriban 14,000. Leo inakadiriwa kwamba hawafiki 500. Ugonjwa wa sotoka ulioenea miaka ya 1980, ukame wa mara kwa mara, ujangili na kupungua kwa mbuga za nyasi fupi ndizo sababu kuu za kuangamia kwao. Tangu mwaka 1996 hirola yumo katika orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Anayetaka kumwona sharti apange safari yake kwa makini kuliko anayekwenda Mara. Hali ya hewa, barabara, usalama na wenyeji wa eneo hilo ni mambo manne yanayoamua iwapo safari itafaulu au la.

Msimu ufaao

Anayesafiri hadi milima ya Niseko nchini Japani kuteleza juu ya theluji huanza kwa kuuliza theluji itaanguka lini. Anayekwenda Garissa huuliza mvua itakoma lini.

Eneo hilo lina misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvua hizo ni haba na hazitabiriki, lakini zikinyesha, udongo mweusi wa Ijara hugeuka tope linalonasa hata magari makubwa. Ijara iko karibu zaidi na bahari na hupata mvua nyingi kuliko mji wa Garissa.

Vilevile, Mto Tana hufurika kutokana na mvua za nyanda za juu, hata pale Garissa kwenyewe kunapokuwa kukavu. Mnamo Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa katika eneo la Mororo. Hali hiyo ilijirudia Aprili 2024. Abiria walianza kuvushwa kwa mashua, na mashua moja ikazama na kusababisha vifo.

Kwa hivyo, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora zaidi. Barabara huwa kavu na joto huwa limepungua kidogo. Januari na Februari pia kunapitika, ila jua huwa kali, na kufikia mwezi wa Machi joto la mchana hupita nyuzi 35 za Selsiasi.

Hirola huzaa hasa mwanzoni mwa mvua za vuli, Oktoba na Novemba. Msafiri anayetamani kuwaona ndama atalazimika kuukubali uwezekano wa kukwama njiani. Kwa msimu wowote ule, wakati mzuri wa kuwatazama ni alfajiri na jioni, wanapotoka kula nyasi katika uwanda.

Njia ya kufika

Mji wa Garissa uko umbali wa takriban kilomita 370 kutoka Nairobi. Barabara ya lami hupitia Thika, Matuu na Mwingi hadi Madogo, kisha huvuka daraja la Mto Tana na kuingia mjini. Mabasi huondoka kila siku Nairobi, mengi yakianzia mtaa wa Eastleigh.

Kutoka Garissa, safari ya kuelekea Masalani katika eneo la Ijara hufuata upande wa mashariki wa Tana kuelekea kusini. Hapo ndipo kazi huanza. Gari linalotumia nguvu ya magurudumu yote manne ni la lazima, pamoja na tairi mbili za akiba, jembe, kamba ya kuvutia gari na mafuta ya kutosha kwenda na kurudi. Maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa kila mtu kwa siku.

Maeneo ya kutembelea

Mgeni mwenye siku moja tu anaweza kuanzia Bour-Algi, kilomita chache kusini mwa mji wa Garissa. Huko kuna hifadhi ya jamii ya twiga wa Kisomali, wale wenye mabaka makubwa yaliyotenganishwa na mistari myembamba myeupe. Twiga hao waliorodheshwa kimataifa kuwa hatarini mwaka 2018. Swala twiga, digidigi na ngiri pia huonekana humo.

Mwenye siku tatu au nne aelekee Ishaqbini, hifadhi ya jamii iliyo karibu na Masalani na ambayo ilianzishwa na wafugaji wa eneo hilo katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2012 sehemu ya hifadhi hiyo ilizungushiwa uzio na hirola 48 wakaingizwa ndani ili wazaane mbali na simba, chui na mbwa mwitu. Katika miaka iliyofuata idadi yao ilipita 100. Misitu ya kando ya mto nayo ina aina mbili za kima wasiopatikana kwingineko duniani ila kwenye kingo za Tana.

Ishaqbini ilipata sifa kote ulimwenguni mwaka 2017 baada ya picha za twiga weupe kusambaa. Sifa hiyo haikuwakinga. Mnamo Machi 2020 ilitangazwa kuwa jike na ndama wake walikuwa wameuawa na majangili, akabaki dume mmoja. Novemba mwaka huohuo dume huyo alivishwa kifaa cha kufuatilia nyendo zake kwa setilaiti.

Kuna pia Hifadhi ya Kitaifa ya Arawale, yenye kilomita 533 mraba, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya hirola. Jina lake linatokana na jina la Kisomali la mnyama huyo. Hata hivyo, hakuna hoteli za kitalii huko, na si mahali pa kuingia bila mwenyeji.

Usalama

Hili ni jambo la kutiliwa maanani bila kificho. Tarehe 2 Aprili, 2015, magaidi wa Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Maeneo yaliyo karibu na mpaka wa Somalia pamoja na msitu wa Boni yameshuhudia mashambulizi mengi, na serikali kadhaa za kigeni zimekuwa zikiwaonya raia wao dhidi ya kuyazuru.

Msafiri aulize kwanza hali ilivyo kwa polisi, kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na kwa wasimamizi wa hifadhi anayokwenda. Asafiri mchana pekee, asiache njia kuu na asikatae ushauri wa kuahirisha safari. Raia wa Kenya abebe kitambulisho na mgeni pasipoti, kwani vizuizi vya ukaguzi ni vingi. Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991, si kivutio cha watalii na haziingiwi bila kibali.

Afya na malazi

Malaria ipo, hivyo basi chandarua na dawa za kinga zisisahaulike. Baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa inaweza kuzuka kama ilivyotokea Garissa mwishoni mwa 1997 na tena kati ya 2006 na 2007. Nyakati kama hizo, msafiri ajiepushe na maziwa yasiyochemshwa, nyama isiyoiva na kugusa mifugo wagonjwa. Mto Tana una mamba na viboko. Kuoga humo ni kuhatarisha maisha.

Mgeni asitarajie hoteli za fahari kama za Mara. Mjini Garissa kuna nyumba za wageni za bei mbalimbali. Ijara malazi ni ya kawaida sana, na ni busara kubeba hema na kuwauliza wasimamizi wa hifadhi mahali salama pa kulikita. Malipo kwa M-Pesa yanakubaliwa kwingi, ila pesa taslimu zinahitajika pale mtandao unapopotea.

Adabu za wenyeji

Wakazi wengi wa Garissa ni Wasomali na Waislamu. Mavazi ya heshima, kwa wanaume na wanawake, hufungua milango mingi. Pombe haistahili kubebwa. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, na Ijumaa adhuhuri shughuli husimama kwa ajili ya swala. Picha za watu, hasa wanawake, zisipigwe bila idhini. Anayekaribishwa chai ya maziwa ya ngamia au nyirinyiri asikatae kwa pupa, maana huo ndio mlango wa mazungumzo.

Na mazungumzo hayo yana uzito wake. Mwaka 1996, KWS ilipokuwa ikiwahamishia hirola Tsavo Mashariki ili kuwaokoa, baadhi ya wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kupinga. Walidai kuwa wanyama hao ni sehemu ya ardhi yao na urithi wao, na kwamba hawangeweza kuchukuliwa bila ridhaa ya wenyeji. Mahakama ikaizuia KWS kuendelea. Baadhi ya hirola walikuwa wamekwisha kuhamishwa, lakini uamuzi huo uliweka wazi kwamba ulinzi wa mnyama huyo hauwezi kufanyika bila watu wanaoishi naye.

Uamuzi huo pia uliwaachia wakazi mzigo. Uwanda unaomlisha hirola ndio unaowalisha ng'ombe, na ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea kwa misimu mitano mfululizo uliangamiza mifugo na wanyamapori kwa pamoja. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake ana haki ya kuuliza anafaidika vipi kwa kutenga malisho kwa ajili ya swala.

Kwa sababu hiyo, msafiri apange kutumia fedha zake papo hapo. Alipe ada kwa hifadhi yenyewe na kudai risiti, akodishe gari au dereva wa Garissa, aajiri mwelekezi kutoka kijiji cha karibu na anunue chakula sokoni. Ndama wa hirola anayezaliwa msimu ujao wa vuli atahitaji nyasi ambazo mtu fulani amekubali kutozilisha mifugo yake. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone.