Mkandaji Hana Kibao

Mwezi wa Juni, mpunga wa Mofu, katika Bonde la Kilombero nchini Tanzania, ukishakatwa na kupigwa, maumivu nayo huanza kuvunwa. Viuno vilivyoinama tangu mvua za Desemba vinadai haki yao. Bega lililobeba magunia linakataa kuinuka, na kidole gumba kilichoshika mundu siku nzima hakikunjuki asubuhi. Anayetafuta mtu wa kumkanda hataona kibao. Duka la dawa lina kibao, zahanati ina kibao, hata fundi baiskeli anacho, japo ni kipande cha bati kilichoandikwa kwa rangi iliyobaki. Mkandaji hana. Mtu huelekezwa kwa mdomo: pita mwembe, nyumba ya tatu, muulizie yule bibi aliyewazalisha watoto wa pale.

Katika neno hilo, “aliyewazalisha”, ndimo historia ya kazi hii ilimojificha. Katika Bonde la Kilombero kukanda hakukuwa kazi ya kujitegemea yenye jina lake na bei yake. Kulikaa ndani ya kazi nyingine: ukunga, uungaji wa mifupa, uuguzi wa nyumbani. Ndiyo maana waandishi waliopita bondeni na madaftari yao walikuwa wepesi wa kuipita kazi hii.

Lugha yenyewe haikuipita. Kiswahili kina maneno mengi kwa kazi hii, na kila neno lina mkono wake. Kukanda ni kubonyeza na kuachia, kama mtu anayeukanda unga. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaweka unga na mwili wa binadamu chini ya kitomeo hichohicho. Kuchua ni kusugua kwa nguvu, mkono ukifuata urefu wa msuli. Kusinga kuna mafuta na manukato, na bibi arusi hukufahamu zaidi kuliko mkulima. Kunyoosha ni kwa viungo, hasa vya mtoto mchanga anayevutwa mikono na miguu taratibu baada ya kuogeshwa. Kuumika ni kazi ya pembe: ngozi huchanjwa, pembe hubandikwa, hewa hufyonzwa, kisha tundu huzibwa kwa nta. Kwa aliyeteguka kuna kurudisha kiungo, kazi ya sekunde chache ambayo mgonjwa huikumbuka maisha yake yote.

Ukimtazama mkandaji kwa karibu, jambo la kwanza ni kwamba haanzi panapouma. Mafuta, yawe ya nyonyo, ya ufuta au ya nazi yaliyoletwa kutoka pwani, hupashwa kwanza kati ya viganja. Mkono unaanzia mbali, chini ya mbavu au juu ya paja, unasogea polepole huku kidole gumba kikiulizia. Panapokaza, gumba husimama. Mgonjwa hana haja ya kusema kitu, kwa sababu pumzi yake imeshasema. Hapo ndipo kazi inapoanza, na kwa kawaida huja pamoja na mazungumzo: nani kaoa, nani kauza ng’ombe, mto umepanda kiasi gani. Ukiangalia vizuri, maneno nayo yamo katika tiba, maana msuli wa mtu anayecheka haukazi kama wa mtu anayengoja kuumizwa.

Mofu iko upande wa Mto Kilombero, kusini ya njia inayotoka Ifakara kuelekea Mlimba, ambako nchi ni tambarare na maji ndiyo yanayoamua kalenda. Uwanda huu wa mafuriko uliingizwa katika orodha ya ardhi oevu za Ramsar mwaka 2002, ukiwa na kilomita za mraba 7,967. Kabla ya barabara, mtumbwi ndio uliokuwa gari. Wandamba, watu wa maji wa bonde hili, waliuchonga kutoka gogo moja na kuusukuma kwa upondo, ule mti mrefu unaochomekwa chini ya maji na kusukumwa kwa bega na kiuno pamoja. Mtu akipiga upondo kutwa, maumivu yake yanajulikana yatakaa wapi: chini ya ule mfupa wa bega, upande wa mkono wa juu. Mkulima wa mpunga anaumwa kiuno. Mwanamke aliyetwanga kwa mchi na kinu miaka arobaini anaumwa shingo na vifundo vya mikono. Mkandaji mzoefu wa bondeni anaweza kukisia kazi ya mtu kabla hajaambiwa, na hakuna uganga katika hilo.

Kulikuwa na kazi nyingine iliyovunja migongo zaidi ya upondo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia bonde lilikuwa njia ya majeshi, na Oktoba 1917 vikosi vya Wabelgiji kutoka Kongo viliuchukua mji wa Mahenge kutoka kwa Wajerumani. Kila jeshi lilitembea juu ya vichwa vya wapagazi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu yao, kwani linatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Walibeba unga, risasi na vipande vya mizinga kwa wiki nyingi katika tope la magoti, wakila kidogo. Wengi walikufa kwa kuhara na homa. Waliopona walirudi na shingo zilizokaza na magoti yaliyovimba, na mikono iliyowangoja ilikuwa ya nyumbani.

Miaka hiyohiyo, London ilikuwa na utaratibu mwingine. Mwaka 1914 kiliundwa kikosi cha wanawake wachuaji kwa ajili ya wanajeshi waliojeruhiwa, kikipewa jina la mfadhili wake, Almeric Paget. Msingi wake ulikuwa chama kilichoanzishwa mwaka 1894 na wauguzi wanne waliokerwa na kashfa za nyumba zilizojiita za masaji huku zikiuza mengine. Waliweka mitihani na vyeti, na wakapiga marufuku kumchua mgonjwa bila agizo la daktari. Mwaka 1920 chama kilipata hati ya kifalme, na mwaka 1944 kikabadili jina na kuwa cha wanafiziotherapia. Kwa hiyo fiziotherapia ya Kiingereza, ambayo leo inakuja hospitalini na mashine za umeme na mipira mikubwa, ilitoka moja kwa moja kwenye viganja vya wanawake waliokuwa wakichua watu. Mmoja wa wale wanne, Rosalind Paget, alikuwa mkunga.

Bibi wa Mofu na Rosalind Paget walianzia mahali pamoja, ukunga. Mmoja aliandika kanuni, akapata chama. Mwenzake akabaki na jirani zake.

Ni kweli kwamba walioandika juu ya bonde waliangalia kwanza yanayong’aa. Mwaka 1926 A.G.O. Hodgson alichapisha maelezo ya desturi za uwindaji za Wandamba, yenye mambo ya tembo na dawa za wawindaji. Mwaka 1935 mtawala wa Kiingereza A.T. Culwick na mkewe G.M. Culwick walitoa kitabu kinene juu ya Wabena wa mitoni, chenye sura iliyoandikwa na chifu wao, Mtema Towegale Kiwanga. Bi Culwick alikwenda mbali zaidi, akahoji wanawake wa Ulanga, wilaya ya bonde hili, juu ya uzazi wao kwa ajili ya uchunguzi wa idadi ya watu. Serikali nayo ilikuwa na hofu zake, na Sheria ya Uchawi ya 1928 iliwafanya waganga wengi wafiche mikoba. Mkandaji hakuwa na mkoba wa kuficha. Chupa ya mafuta na sufuria ya maji ya moto havikumtisha mkuu wa wilaya yeyote, wala havikumvutia.

Wazungu wa tiba walipofika Ifakara, walikuja na maswali makubwa zaidi. Wakapuchini wa Uswisi waliingia Tanganyika mwaka 1921, wakaja na masista wa Baldegg, na kutokana na kazi yao ikakua Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1949 Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara, na mwaka 1957 akafungua maabara ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Geigy alishughulika na malale, na kupe wanaoishi kwenye sakafu za udongo na kuleta homa inayorudiarudia. Kupe huyo kwa Kiswahili ni papasi. Sayansi, basi, ilikuja Kilombero kumtafuta papasi. Anayepapasa hakuwa swali lake.

Hata hivyo wagonjwa hawakuona ugomvi. Homa ilikwenda hospitali, kiuno kikabaki nyumbani. Aliyejifungua wodini alirudi kijijini na kukuta maji yanachemka, kwa sababu mzazi hakandwi na daktari. Hapa desturi inahitaji kusemwa bila kupambwa. Kukandwa kwa mzazi ni kitambaa kinachochovywa kwenye maji ya moto, kikakamuliwa na kubonyezwa tumboni, kiunoni na nyongani, siku baada ya siku. Watetezi wake wanasema damu chafu inatoka na tumbo linarudi. Wakunga wa hospitali wamekuwa wakieleza kwamba mfuko wa uzazi hujirudi wenyewe, na wodi zimepokea wanawake walioungua kwa maji yaliyozidi moto. Pande zote mbili zina kitu mkononi. Joto la wastani hulegeza msuli uliokaza, na siku arobaini ambazo mwanamke hagusi jembe ni dawa ambayo hospitali haina uwezo wa kuitoa. Lakini ngozi iliyobabuka haina hoja ya kujitetea.

Kwa mwunga mifupa hatari ni kubwa zaidi. Ufundi wake una heshima: hupapasa mfupa uliovunjika hadi akajua ncha zimekaa vipi, huvuta, hupanga, kisha hufunga kwa vijiti au vipande vya mianzi. Sehemu nyingi za nchi husimuliwa habari za kuku anayevunjwa mguu siku hiyohiyo na kufungwa pamoja na mgonjwa, kwa imani kwamba kuku akitembea na mgonjwa ataachwa huru. Ukiondoa huruma kwa kuku, ni namna ya kuhesabu wiki. Madaktari wa mifupa huchoka na mambo mawili. La kwanza ni banzi lililokazwa hadi damu isipite, mkono ukaoza. La pili halijulikani sana: kiwiko cha mtoto. Mtoto akianguka mwembeni na kuumia kiwiko, kukichua kila siku kunaweza kufanya mfupa mpya uote ndani ya msuli, na mkono ukaganda ukiwa umepinda. Anayechua anaona mkono haukunjuki, anaongeza nguvu, na kila nguvu anayoongeza inalisha tatizo. Hilo haliwezi kujulikana kwa gumba peke yake, linahitaji picha.

Tofauti ya kukanda kiuno cha mvunaji na kukanda mfupa uliovunjika ndiyo mpaka wa kweli wa kazi hii, na wakandaji wengi wazuri wanaujua. Wakiona uvimbe ulioota ghafla, au shavu la mguu lililovimba upande mmoja na kuwa la moto, wanakataa kugusa. Wasioujua ndio wanaozijaza hadithi za wodini.

Serikali huru ilijaribu mara kadhaa kuikaribia mikono hii. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili. Kilichowavutia watafiti kilikuwa mizizi na magome, vitu vinavyoweza kusagwa na kupimwa. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 wakunga wa jadi walipewa mafunzo na vifaa, kisha sera ikageuka, wajawazito wote wakatakiwa wajifungulie vituoni. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ikaleta baraza la kusajili watoa tiba. Ila bibi anayekanda majirani kwa kuku mmoja au visado viwili vya mchele hajioni kuwa mganga. Ukimwambia akajisajili atauliza: kwa kazi ipi?

Nayo maumivu yamebadilika. Mashine za kukoboa zimeuweka mchi pembeni. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018, na kivuko cha mto kikastaafu. Pikipiki zikafika hadi vijiji ambavyo baiskeli ilikuwa mwisho wa ufahari. Siku hizi anayemjia mkandaji ni kijana wa bodaboda aliyeteleza kwenye tope la Machi: bega limetoka, goti limechubuka, na barabara ya kwenda Ifakara inateleza zaidi ya alipoangukia.

Pana sehemu moja tu ambako kazi hii imepata cheo hadharani bila kujificha ndani ya nyingine, nayo ni uwanja wa mpira. Klabu za Tanzania zikitangaza benchi la ufundi, baada ya kocha, kocha wa makipa na daktari, hutajwa mchua misuli. Ana jezi, ana begi, na picha ya timu ikipigwa naye anasimama mstarini. Jumapili jioni kwenye kiwanja cha kijiji, mshambuliaji akianguka amekamatwa na msuli, kijana mmoja hukimbia na chupa ya maji. Humnyoosha mguu, humkunja unyayo kuelekea kwenye goti, kisha hulichua paja kwa kiganja chote, kutoka gotini kwenda juu. Watazamaji humpigia kelele afanye haraka. Ukimuuliza nani kamfundisha, wengi wa aina yake watakuonyesha kwa kidevu upande wa nyumbani, kwa bibi.