Jiwe la Ivuna na Mwanzo wa Ulimwengu

Vijana wa kipaimara hapa Bagamoyo huuliza swali lile lile: shuleni tunafundishwa kwamba dunia ina miaka mabilioni, kanisani tunasoma Mwanzo sura ya kwanza, tumwamini nani?

Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka kutoka angani huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, nchi yetu ikiitwa Tanganyika. Vipande vilivyookotwa havikufika kilo moja. Hata hivyo, aina nzima ya vimondo, iliyo adimu sana, inatambulika kwa jina la Ivuna. Mwaka 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta mchanga kutoka Ryugu, jiwe kubwa linalozunguka jua. Ulipopimwa, ulionekana ni ndugu wa jiwe letu.

Thamani yake ni hii: ukiondoa gesi nyepesi kama hidrojeni, mchanganyiko wa jiwe hilo unakaribiana mno na ule wa jua. Ndiyo maana wataalamu husema vyote vilitoka katika wingu moja la gesi na vumbi. Yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita, wingu hilo lilijikusanya kwa uzito wake, likazunguka, likatandaa kama sahani. Katikati likawaka jua. Vumbi lililobaki likashikamana likawa mawe, na mawe yakawa sayari, dunia yetu ikiwemo. Ulimwengu wenyewe ni wa zamani zaidi, kama miaka bilioni 13.8, na aliyeeleza mwaka 1931 kwamba ulikuwa na mwanzo wa namna hiyo alikuwa padre wa Ubelgiji, Georges Lemaître.

Mwanzo sura ya kwanza haikuandikwa ili kupima wingu hilo. Inatufundisha aliyeumba ni nani, na kwamba jua na mwezi, vilivyoabudiwa na mataifa jirani ya Israeli, ni taa tu alizoziweka Yeye. Wavuvi wetu wanajua kuwa bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kujua hivyo hakumzuii mvuvi kuomba kabla ya kusukuma ngalawa.

Kwa hiyo, wazazi wapendwa, mtoto akija na daftari lake la sayansi, keti naye mlisome pamoja. Tukimlazimisha kuchagua kati ya kanisa na jiwe la Ivuna, tunaweza kumpoteza mtoto, na jiwe litabaki vile vile, kazi ya Muumba yule yule.