Kosa kwenye sarafu ya Roma: la fundi, ao la miaka iliyofuata?

Tuanze na kitu tunachokijua. Hapa kwetu, dola ikiwa imepasuka kidogo tu pembeni, mama wa sokoni anakurudishia: "Hii haitembeake." Waroma wa zamani hawakuwa wakali vile. Sarafu iliyotoka vibaya kwenye kiwanda mara nyingi iliingia sokoni pamoja na zingine, na ikatembea mpaka ikachakaa. Njo maana leo, karibu miaka elfu mbili baadaye, makosa ya mafundi wale bado yanaonekana.

Lakini kuko shida. Sarafu ya zamani imepita mikono mingi, imelala chini ya udongo, pengine imekwaruzwa na jembe. Si kila alama ya ajabu ni kosa la kiwandani. Mwanahistoria akichanganya haya mambo, atasimulia kitu ambacho hakikutokea. Basi tuone namna ya kutofautisha.

Namna walivyopiga sarafu

Mashine haikuwako. Kulikuwa mihuri miwili ya madini magumu, iliyochongwa kwa mkono. Muhuri wa chini, mara nyingi wenye kichwa cha Kaisari, ulikazwa ndani ya fuawe ao gogo, haukusogea. Muhuri wa juu, wenye picha ya mgongo wa sarafu, ulishikwa kwa mkono. Katikati waliweka kidonge cha madini kisicho na picha. Nyundo inashuka, paa! Sarafu imekwisha. Toa, weka kingine, piga tena, siku nzima.

Sasa fikiri sarafu moja inanata kwenye muhuri wa juu na fundi haoni. Anaweka kidonge kipya, anapiga. Upande wa chini unapata kichwa cha Kaisari kama kawaida. Lakini upande wa juu haukuguswa na muhuri: umegongwa na uso wa sarafu iliyonata. Matokeo ni kichwa kilekile pande mbili. Upande mmoja kimeinuka, upande wa pili kimezama ndani na kugeuka kama kwenye kioo, hata maandishi yanasomeka kinyume. Wataalamu wanaitaka kosa hili brokeji. Mtu akiona kwa mara ya kwanza anasema huu ni uongo. Kumbe ni moja ya makosa rahisi kutambua, juu hakuna jembe wala moto unaoweza kuchora uso wa mtu kinyume.

Tena angalia kitu kimoja. Brokeji nyingi zina kichwa pande mbili, si picha ya mgongo. Sababu gani? Sarafu ikibaki juu ya muhuri wa chini, fundi anaiona mbele ya macho yake kabla ya kuweka kidonge kingine. Ikinata kwenye muhuri wa juu, imejificha chini ya mkono wake. Hapo tunajifunza kitu ambacho habari za Makaisari haziandikake: mwendo wa kazi. Watu wale walifanya haraka, hawakuwa wanageuza muhuri kuutazama kila mara. Majina yao hatuyajui, lakini namna walivyofanya kazi tunaiona.

Mstari unaoinuka na mstari unaozama

Kosa lingine ni ufa. Muhuri uliopigwa mara nyingi unapasuka. Madini ya sarafu yanaingia ndani ya ule ufa, na kwenye sarafu kunatokea mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa jembe ao wa kisu, hata siku moja hauwezi kuinuka, unazama. Pitisha kidole ao tumia kioo cha kukuza, utajua.

Faida yake ni kubwa. Ufa wa muhuri unaongezeka tu, haurudi nyuma. Ukipata sarafu tano za muhuri mmoja, unaweza kuzipanga: yenye ufa mfupi ilitoka mbele, yenye ufa mrefu ilitoka nyuma. Sarafu hazina tarehe ya siku, lakini ufa unakupa mpango wake.

Alama iliyokuja baadaye, kwa makusudi

Sarafu nyingi za shaba za Kaisari Augustus zina herufi VAR zilizogongwa juu ya picha, wakati mwingine juu ya uso wenyewe. Mtu wa haraka atasema kiwanda kiliharibu. Hapana. Herufi zimezama, na zimefunika picha iliyokuwa imekwisha kupigwa. Kwa hiyo zilikuja nyuma. VAR ni Varus, mkubwa wa majeshi ya Roma katika Germania kuanzia karibu mwaka wa 7. Mwaka wa 9 alijiua wakati majeshi yake matatu yalipoangamizwa, na kwa muda mrefu watu walibishana ni wapi. Kuanzia 1987, Kalkriese, kaskazini mwa Ujerumani, ilianza kutoa sarafu na silaha za Kiroma. Kati ya sarafu zile kulikuwa zenye VAR. Zile hazingeweza kuanguka pale kabla ya wakati wa Varus. Pamoja na vitu vingine, alama hiyo imefanya watafiti wengi wakubali kwamba vita vilipiganwa pale.

Na "kosa" ambalo si kosa

Carausius, mkubwa wa meli za vita, aliasi na kujifanya Kaisari kule Britania kati ya 286 na 293. Sarafu zake zingine zilipigwa juu ya sarafu za zamani, picha ya chini bado inaonekana. Kwa mtu kama huyo, ni rahisi kudhani kila kitu kisichoeleweka ni makosa ya mafundi wabaya. Kwenye feza zake kuko herufi RSR, na kwenye medali moja ya shaba kuko INPCDA. Herufi RSR watu walizifasiria kuwa alama ya kiwanda ao cheo cha mkubwa wa feza. Mwaka wa 1998, Guy de la Bédoyère alionyesha kwamba ni herufi za kwanza za maneno yanayofuatana katika shairi la Virgil, linalotangaza kurudi kwa zama njema. Mwasi aliyeitwa mwizi wa bahari alikuwa anatangaza kwamba njo yeye anayerudisha Roma ya kweli. Tungeandika tu "kosa la fundi", tungepoteza sauti yake.

Mapacha

Mwisho, jihadhari na mapacha. Kila sarafu ya nyundo ilipigwa peke yake, haiwezekani mbili zisogee kando sawasawa, zipasuke ukingoni pahali pamoja, zikwaruzwe mkwaruzo mmoja. Ukiona mbili zenye makosa yaleyale yote, angalau moja imemiminwa ndani ya kalibu. Kosa lenyewe limemshtaki mdanganyifu.

Basi, ndugu, kabla ya kusema "hili ni kosa", uliza mambo matatu: alama imeinuka ao imezama? Ilikuja kabla ya picha ao nyuma yake? Na aliyeiweka alikosea, ao alitaka kusema kitu? Maswali haya yanafaa pia kwa barua ya zamani, kwa picha, na kwa kila ushuhuda utakaoletwa mbele yako.